Mizani Tupu

Kazi yangu ilikuwa kupima malori ya mahindi
kwenye ghala la ushirika, kando ya reli, kaskazini mwa Ohio.
Lori lapanda bamba limejaa, naandika.
Lamwaga, larudi tupu, naandika.
Tofauti ndiyo haki ya mkulima.
Chini ya ratili ishirini mizani ile haikuhisi kitu:
ungemlaza mtoto mchanga juu yake
na sindano isitikisike.

Novemba moja wakaniita kwenye juri. Kiti cha saba.
Loretta Vasko, mpishi wa shule,
alimpiga risasi shemeji yake Duane
jikoni, saa tano kasorobo usiku,
kwa bunduki ya bata ya marehemu mumewe.
Hakukana. Simu alipiga mwenyewe.
Tuliisikia sauti yake kwenye kanda
ikimwomba radhi mpokeaji kwa usumbufu wa usiku.

Serikali ilikuwa na mzigo mwepesi:
mtu amekufa, aliyemuua ni huyu.
Wakautua kabla ya chakula cha mchana.

Kisha Jaji Ostrander akatusomea karatasi
kwa sauti ya mtu asomaye bei za mbolea.
Kwamba aliua, serikali ithibitishe
bila kuacha shaka yoyote ya maana.
Kwamba alijikinga, mama huyu athibitishe mwenyewe.
Si kwa kiasi kikubwa, alisema;
mizani ielemee upande wake kidogo tu.
Ikilingana, ameshindwa.

Athibitishe kwa nani?
Shahidi wa pili alikuwa kaburini, chini ya theluji ya kwanza.

Kulikuwa na spana ndani ya koti la Duane.
Mfukoni, si mkononi.
Alikuwa fundi wa matrekta;
mkewe alisema hata kanisani alikwenda nayo.
Mlango haukuvunjwa.
Ufunguo alikuwa nao tangu msiba wa kaka yake,
na mara mbili Loretta alimwomba aurudishe.
Alisema nini alipoingia? wakili akamuuliza.
Hakusema kitu, alijibu Loretta.
Hicho ndicho kilichonitisha.

Na kiti. Kwenye picha za polisi
kiti kimoja kilikuwa kimelala chali karibu na jiko.
Nani alikiangusha, na kabla ya mlio au baada?
Siku mbili nzima tulizungumzia kiti.
Wanita Foltz, muuza bima, akasema: Mimi nisingefyatua.
Kijana wa kiwanda cha matairi akasema: Mimi ningefyatua mara mbili.

Nikafumba macho, nikauweka usiku ule juu ya bamba,
spana, ufunguo, ule ukimya wa Duane.
Sindano ikasimama katikati.
Naapa. Haikwenda huku wala kule.
Sikujua.
Na kwa karatasi ile, kutojua kwangu
kulikuwa na jina lake kwenye fomu,
nikatia saini kwa kalamu ya kaunti.

Alifungwa miaka kumi na mmoja.
Nilimwona mara moja tu baadaye, dukani,
akinunua kitasa. Alichagua kizito kuliko vyote.
Sidhani kama alinitambua.

Majuzi binti yangu alinisomea gazeti;
macho yangu hayanifai tena.
Sheria imebadilishwa, akasema.
Siku hizi serikali ndiyo ithibitishe
kwamba mtu hakuwa akijikinga.
Ikilingana, anakwenda nyumbani.
Nikamwambia asome tena, polepole.

Jiko ni lile lile. Kiti kimelala vile vile.
Hata kutojua kwangu ni kule kule,
hakukuongezeka punje wala kupungua.

Ghalani, kila alfajiri kabla ya lori la kwanza,
nilisimama kando ya bamba
kuhakikisha mizani tupu inasoma sifuri.
Miaka thelathini sikuacha hata siku moja.
Katika chumba kile cha juri
sikuuliza sindano ilianzia wapi.

Binti akauliza kama nataka akikate kile kipande.
Nikamwambia mkasi uko droo ya chini.